Mwanangu anauliza mno, na mimi najiona ndani yake

*Shangazi, salaam. Naishi Wete, nina watoto watatu. Wa pili ana miaka saba. Alijua kusoma kabla hajaingia skuli, na msimu wa karafuu ndiye anayemhesabia babu yake pishi za kila mchumaji na pesa anayostahiki, kwa kichwa tu. Lakini kamba ya kiatu ikimshinda hulia mpaka majirani wakajaa. Maalim ameniita: eti mwanangu humkatiza, humsahihisha mbele ya wenzake, na mazoezi hamalizi. Jirani ananiambia nimpeleke akasomewe, huyu si bure. Wiki nzima ananiuliza kwa nini maji ya bahari hayajai saa ile ile kila siku, na mimi sina jibu. Kinachoniliza ni kuwa nami nilikuwa vivi hivi. Nikiitwa mjuaji, mpaka nikajifunza kunyamaza. Sasa nina miaka 34, niliishia darasa la saba, nashona nguo. – Mama wa Wete*

Mwanangu, waalaykum salaam. Nianze na hilo la kusomewa. Kumsomea mtoto Qur'ani ni kheri, basi msomee mwenyewe kila usiku anapolala. Ila usimsomee kama mgonjwa. Simwoni mgonjwa katika barua yako.

Namwona mtoto ambaye akili yake imetangulia na mengine yamebaki nyuma. Mwaka 1991 wataalamu na wazazi waliokutana Columbus, Marekani, waliueleza utoto wa kipawa hivyo hivyo: makuzi yasiyokwenda sambamba. Kichwa kinapiga hesabu za mtu mzima, vidole ni vya miaka saba, na moyo pengine ni wa miaka mitano. Anaiona kamba ilivyo hasa inavyotakiwa kufungwa, mkono hautii, ndipo analia. Ukimwambia "mkubwa mzima unalilia kiatu", unamwadhibu kwa umri ambao hajaufikia. Kaa naye chini, funga mmoja, mwachie mmoja.

Na maalim msimgombanishe naye. Mwalimu mwenye darasa lililojaa hana makosa kuchoka. Mwendee baada ya masomo, peke yako, kwa heshima, na uchukue karatasi za zile hesabu za karafuu akaone. Mwombe jambo moja: mtoto afanye kwanza hesabu tano zilizo ngumu kuliko zote, akizipata apewe kazi nyengine badala ya kurejea ishirini nyepesi. Anayejua kuzidisha pishi kwa bei hawezi kukaa na tatu jumlisha nne. Ataangalia dirishani, kisha ataitwa mvivu. Mtoto naye mfunze adabu ya kuuliza, maana kipawa hakimwondolei adabu: darasani swali moja kwa kunyoosha mkono, yaliyobaki ayaandike akuletee nyumbani. Usimwite atoe maonyesho mbele ya wageni. Na mpeleke akapimwe macho na masikio, kwa sababu mtoto mwenye akili nyingi huweza kuificha kasoro miaka mingi asigundulike.

Atatokea wa kukwambia umtafutie kipimo cha akili. Kipimo kina faida yake. Wastani ni 100, na watu wawili hivi katika mia ndio wanaofika 130. Lakini usikisujudie. Kuanzia mwaka 1921 Lewis Terman, wa Chuo Kikuu cha Stanford, alichagua kwa kipimo hicho watoto zaidi ya 1,500 wa California awafuatilie maishani. Wavulana wawili waliopimwa hawakufika alama akawaacha: William Shockley na Luis Alvarez. Wote wawili walikuja kupata Tuzo ya Nobel ya fizikia, mmoja mwaka 1956, mwengine 1968.

Sasa wewe. Umejitia mwishoni mwa barua kama mtu aliyepiga hodi akaogopa kuingia. Mtu mzima wa namna yako mara nyingi hajijui, kwa kuwa anadhani kila mtu anaona anayoyaona yeye; anachokijua ni kuwa aliambiwa kapitiliza. Kunyamaza kulikuokoa na maneno, lakini kumekugharimu, na mimi nasikitika sana kwa yule msichana. Siti binti Saad alikuwa akiuza vyungu vya Fumba, hakusoma skuli, alihamia mjini mwaka 1911 akiwa anakaribia umri wako, na mwaka 1928 sauti yake ikarikodiwa Bombay. Sikwambii uwe Siti. Nakwambia uulizie madarasa ya elimu mbadala kwa watu wazima, uandikishwe, na mwanao akuone ukifungua daftari.

Na swali lake halijajibiwa, basi mwambie hivi. Mwezi ndio unaoyavuta maji zaidi. Dunia ikimaliza mzunguko wake wa saa 24, mwezi nao umekwishasogea mbele katika njia yake, kwa hiyo Wete inabidi izunguke kama dakika 50 zaidi ndipo iufikie tena. Maji yakijaa leo saa nne asubuhi, kesho yatajaa kama saa tano kasoro dakika kumi. Mpe daftari, mwende bandarini wiki mbili, aandike mwenyewe. Ataona siku nyengine dakika zinapungua hazifiki 50, na siku nyengine zinazidi. Akikuuliza kwa nini, niandikie.