Unataka kuonyesha kyudo kwenye tamasha la mtaa? Anza kwa kupima dari

Novemba 3 ni Siku ya Utamaduni huku Japani, na klabu yetu ya upinde huombwa kuonyesha kyudo, yaani sanaa ya Kijapani ya kupiga mishale, kwenye jumba la mtaa. Mwaka wangu wa kwanza nilijiandaa kwa kila kitu ila sikutazama juu. Upinde wa kyudo una sentimita 221, tena haushikwi katikati bali kama theluthi moja kutoka chini. Mikono ikipanda juu ya kichwa, ncha inapita mita 3. Yangu iligonga taa. Haikuvunjika, lakini moyo ulinienda mbio hata mshale wa pili nikauachia mapema mno.

Kwa hiyo nenda jana yake ukiwa na upinde wenyewe, simama pale pale utakaposimama, uinue. Dari ikiwa fupi, omba uwanja wa nje. Usijikunje.

Zile mita 28 hadi kwenye shabaha tulizozoea kwenye dojo, ukumbi wetu wa mazoezi, ziache. Tumia makiwara, yaani furushi la mabua ya mpunga lililokazwa sawasawa, ukiwa mita 2 tu mbele yake. Zungushia kamba, na mtu mmoja asiwe na kazi nyingine ila kuangalia watoto. Beba upote wa akiba.

Jambo ninalolitilia mkazo kuliko yote ni ukimya. Mwenzako aeleze zile hatua nane za kupiga mshale kabla, kisha anyamaze kabisa. Kuna wakati upote umevutwa hadi nyuma ya sikio, mshale umegusa shavu, na ukumbi mzima umebana pumzi. Hapo usiharakishe, hata simu 50 zikiwa zinakurekodi. Niliwahi kuona mtangazaji akiendelea na kipaza sauti wakati huo, ule mlio wa upote, tsurune, ukamezwa. Roho iliniuma, maana wengine pale wasingeusikia tena.

Waombe pia wasipige makofi mpaka ushushe upinde. Mshale ukishatoka bado hujamaliza: unabaki umesimama, mikono imefunguka, macho kwenye shabaha. Hiyo ndiyo zanshin, hatua ya nane.

Mwisho wape watoto gomuyumi, kijiti chenye mpira wa kuvuta kisicho na mshale. Mwaka jana binti wa miaka kama 7 alivuta, akaachia, akabaki amenyoosha mikono huku na huku, macho ukutani. Foleni nyuma yake ilikuwa ndefu. Tulimsubiri mpaka aliposhusha mwenyewe.