Mkanda wa muziki tumboni

Mama kijacho, umeuliza kama ule mkanda wa spika wa kufunga tumboni ni salama na kama kweli unamwongezea mtoto akili. Akili, hapana. Hadithi hiyo ilitokana na utafiti wa California wa mwaka 1993: wanafunzi 36 wa chuo kikuu walisikilizishwa muziki wa Mozart, mtunzi wa zamani wa Ulaya, wakafanya vizuri kidogo kwenye maswali ya maumbo, tena kwa dakika 10 hadi 15 tu. Watu wazima na ndevu zao! Mimba haikuwamo kabisa, wafanyabiashara ndio walioiongeza.

Kusikia mtoto anasikia, kuanzia kama miezi sita hivi ya mimba. Na humo ndani si kimya: moyo wako unadunda, tumbo linanguruma, sauti yako inamfikia kupitia mwili wako wenyewe. Mwaka 1980 watafiti DeCasper na Fifer waliwapa watoto wasiozidi siku tatu chuchu ya bandia, na mwendo wa kunyonya ndio ulioamua sauti gani isikike. Vichanga wale wakabadili mwendo wa kunyonya ili wasikie sauti ya mama yao badala ya ya mama mwingine. Hawakuwa wamefungwa mkanda wowote.

Usalama ndio unanitia shaka. Spika ikigusa ngozi, besi hupenya kwa urahisi, na mtoto hawezi kuziba masikio wala kuhama. Usingizi wake pia unaweza kukatizwa. Kama umeshanunua, weka sauti ya chini, dakika chache, na usilale nao. Kama bado, nunua nepi, halafu imba ukiwa unapika.