Defender inafuta programu niliyoiandika mwenyewe: nimwambie mteja azime antivirusi?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Nipo Morogoro, naandika programu ndogo ndogo kwa Python. Nimemtengenezea mwenye duka la vifaa vya ujenzi programu ya mauzo na stoo, nikaifungasha kwa PyInstaller ikawa exe moja. Kwangu inafanya kazi bila shida. Nilipoipeleka dukani kwa flashi, ile kuibofya tu, Windows Defender ikaandika "Trojan:Win32/Wacatac.B!ml" na faili likatoweka. Mteja sasa ananitilia shaka. Rafiki yangu anasema nizime antivirusi ya pale dukani, au niweke diski C yote kwenye orodha ya vitu visivyokaguliwa. Nifanyeje?

JIBU: Ndugu yangu, antivirusi usiizime na diski C usiiguse. Kompyuta ya dukani inachomekwa flashi za kila mtu, na huenda mwenye duka anaingilia benki humo humo. Ukiiacha wazi kwa ajili ya programu yako, siku ikiingiliwa wa kwanza kuulizwa ni wewe, na hutakuwa na la kujibu.

Tuisome kwanza tahadhari yenyewe. Ile "!ml" mwishoni mwa jina inaonyesha kwamba Defender haikukutana na kirusi inachokifahamu kwa sura. Mfumo wake uliofunzwa kwa mafaili mengi umekadiria kwamba faili lako linafanana na mabaya, na makadirio hukosea. Programu za PyInstaller zinaonewa mara nyingi, na sababu zake zinaeleweka. Exe zake huanza na kipande kilekile cha kuwashia, awe ameitengeneza kijana wa Morogoro au mwizi wa nywila, na wezi wa nywila nao wanaitumia sana Python. Ukifungasha kwa "--onefile", programu ikifunguliwa hujimwaga kwanza kwenye folda ya muda yenye jina linaloanza na _MEI, halafu ndipo inaanza kazi. Programu za kubebea virusi nazo zina tabia hiyohiyo. Ukiongeza UPX ili kupunguza ukubwa, yaliyomo ndani hayasomeki tena kwa nje, na shaka inazidi.

Kusingiziwa huku hakuchagui mkubwa wala mdogo. Tarehe 21 Aprili 2010, sasisho la McAfee lililiita svchost.exe kirusi. Hilo ni faili la Windows yenyewe, na kompyuta za Windows XP katika ofisi nyingi duniani zilikosa mtandao au zikawa zinajizima na kujiwasha mfululizo. Kwa hiyo yaliyokupata ni ya kawaida.

Hata hivyo, usijitangaze msafi kabla hujajikagua. Machi 2023 antivirusi kadhaa zilianza kuizuia programu ya simu za ofisini ya kampuni ya 3CX. Ilikuwa na saini halali ya kidijitali na ilitoka kwa mtengenezaji mwenyewe, hivyo wengi wakadhani imesingiziwa. Ilichukua siku kadhaa mpaka ikathibitika kwamba wadukuzi walikuwa wameingia kwa mtengenezaji na kupandikiza msimbo wao ndani ya programu. Tahadhari ilikuwa ya kweli tangu mwanzo. Mimi binafsi, tangu hapo, neno "nimeiandika mwenyewe" halinitoshi kama ushahidi.

Kwako kuna jambo moja ningelichunguza leo hii. Unasema kwenye kompyuta yako inafanya kazi bila shida. Kwa nini Defender yako haisemi kitu? Fungua Windows Security uangalie kama uliwahi kuizima, au kama folda yako ya kazi iko kwenye orodha ya visivyokaguliwa. Waandishi wengi wa programu hufanya hivyo siku moja kisha wakasahau. Kama ndivyo, rudisha ulinzi, sasisha, halafu endesha Microsoft Defender Offline, ambayo hukagua kabla Windows haijaamka. Virusi kama Sality na Ramnit hujipachika ndani ya exe za watu, zako zikiwemo, kisha vikasafiri kwa flashi.

Pili, pitia vifurushi (vipande vya msimbo wa watu wengine) ulivyovuta kwa pip, jina moja baada ya jingine, herufi kwa herufi. Mwaka 2018 kulikutwa kwenye PyPI, ghala la mtandaoni la vifurushi vya Python, kifurushi kinachoitwa colourama, kikijifananisha na colorama inayotumiwa na wengi. Aliyekosea herufi moja alipata kitu kinachosubiri anakili anwani ya bitcoin ili kiibadilishe iwe ya mwizi. Kifurushi cha namna hiyo kikiingia kwenye exe yako, Defender itakuwa imesema kweli na wewe ndiye utakayekuwa umekipeleka dukani.

Tatu, linganisha heshi, yaani alama inayokokotolewa kutokana na yaliyomo kwenye faili. Kwenye kompyuta yako andika:

certutil -hashfile mauzo.exe SHA256

Utapata tarakimu na herufi 64. Nakili faili kwenye flashi, pima na hiyo nakala, kisha pima tena baada ya flashi kurudi kutoka dukani, kama faili bado limo. Likibadilika hata herufi moja, kuna kitu kimeligusa njiani. Hapo acha habari ya kusingiziwa, safisha kwanza.

Baada ya hapo lipandishe VirusTotal, ambako injini zaidi ya sitini za antivirusi hulikagua kwa pamoja. Ila kama ndani umeacha nywila au kumbukumbu za mteja, zitoe kwanza, kwa sababu kinachopandishwa huko huweza kusomwa na kampuni nyingine. Usihesabu tu ni ngapi zimelalamika, soma majina. Majina ya jumla kama "Generic" au yenye "ml" kutoka injini chache ni dalili ya makadirio. Injini kadhaa kubwa zikitaja jina la ukoo mmoja wa virusi, simama.

Ukijiridhisha kwamba ni safi, anza na ufungashaji wenyewe: tumia "--onedir" (programu ikae kwenye folda yenye mafaili yake) badala ya "--onefile", ondoa UPX, pandisha toleo la PyInstaller, na jaza jina la programu, toleo na mtengenezaji kwenye taarifa za faili. Wapo wanaojenga upya kile kipande cha kuwashia kutoka kwenye msimbo wake ili kisifanane na cha kila mtu. Kazi hiyo inahitaji kompaila ya C (chombo cha kugeuza msimbo kuwa programu), lakini mara nyingi inasaidia. Kwa maoni yangu hatua hizi za kufungasha ndizo zenye faida kuliko zote, na hazina gharama.

Kisha lipeleke faili Microsoft kwenye ukurasa wao wa kuwasilisha mafaili, ujitambulishe kuwa mtengenezaji, na ueleze limesingiziwa. Ni bure. Wakikubali, kwenye kompyuta ya dukani fungua Command Prompt kama msimamizi, ingia folda ya Windows Defender ndani ya Program Files, na utoe amri hizi mbili:

MpCmdRun.exe -removedefinitions -dynamicsignatures

MpCmdRun.exe -SignatureUpdate

Ukifungasha upya, heshi inabadilika na tahadhari inaweza kurudi. Kwa hiyo usimpelekee mteja toleo jipya kila wiki kwa kurekebisha rangi ya kitufe.

Kama duka haliwezi kusubiri, ruhusu folda ya programu yako peke yake, iliyo ndani ya Program Files, ambako kuandika kunahitaji idhini ya msimamizi. Usiruhusu Desktop wala Downloads, maana kila kitakachotua humo kitapita bila kukaguliwa. Mwenye duka awepo unapofanya hivyo, aone ni folda gani na kwa nini, na siku tahadhari ikikoma uiondoe ruhusa hiyo.

Cheti cha saini ya kidijitali kinasaidia, lakini ni mamia ya dola, na tangu Juni 2023 ufunguo wake lazima ukae kwenye kifaa maalumu cha usalama. Kwa mteja mmoja hakikulipi.

Mwisho, ukimtumia programu kwa intaneti badala ya flashi, huenda akaona dirisha la buluu lenye maneno "Windows protected your PC". Hiyo ni SmartScreen, na inachosema ni kwamba faili halijajulikana kwa watu wengi. Haijasema kwamba limekutwa na kirusi. Mweleze mapema, kabla hajaliona.