Kabla ya Kuomba Uzamili wa Historia ya Sanaa, Chagua Utakachokitazama

Vijana wanaotaka kusoma historia ya sanaa katika ngazi ya uzamili huniuliza, karibu wote, chuo kipi ni bora. Nami huwajibu kwa swali ambalo wengi hulidhania kuwa ni ukwepaji: ni kitu gani unachoweza kukitazama mwaka mzima bila kukichoka? Mimi nilikwenda Uingereza nikiwa tayari na milango ya nakshi ya Mji Mkongwe wa Unguja kichwani. Wenzangu kadhaa, wenye alama nzuri kuliko zangu, walifika na mapenzi ya sanaa kwa jumla, na nusu ya mwaka ikawapita wakitafuta mada. Shahada yenyewe huko ni ya mwaka mmoja. Kati ya krediti zake 180, tasnifu kwa kawaida huchukua 60, na huandikwa katika miezi michache ya kiangazi baada ya vipindi kwisha.

Ielewekwe kwanza kwamba historia ya sanaa si mafunzo ya kuchora wala kuchonga. Afrika Mashariki tuna utamaduni mzuri wa kufundisha utengenezaji wa sanaa, tangu Margaret Trowell alipoanza madarasa yake Makerere mwaka 1937, lakini historia yake kwa kawaida hufundishwa kama somo la kando. Ndiyo maana wengi wetu huishia kuomba Johannesburg, London au Norwich huko Uingereza, Bayreuth huko Ujerumani, au Marekani, na ndiyo maana uchaguzi wa mada unapaswa kutangulia uchaguzi wa nchi.

Mahali kilipo kitu chako ndipo gharama na ratiba yako zitakapoamuliwa. Ukitaka kuandika juu ya Sam Ntiro, mzaliwa wa Kilimanjaro aliyesoma na kufundisha Makerere, utakuta kwamba mchoro wake mmoja wa mwaka 1956 umo katika makumbusho ya MoMA mjini New York tangu mwaka 1960. Ukimchagua Elimo Njau, michoro yake ya ukutani ya mwaka 1959 iko katika kanisa mjini Murang'a, na nauli ya matatu kutoka Nairobi inatosha kukufikisha. Magofu ya Kilwa Kisiwani hayahamishiki, kwa hiyo anayeyataka ni lazima apange safari ya kurudi nyumbani katikati ya masomo na aiweke katika bajeti tangu siku ya kuomba ufadhili. Mambo haya huonekana madogo hadi mwezi wa Juni unapofika.

Sasa nirudi kwenye milango, kwa kuwa ndiyo iliyonifundisha taaluma hii inadai nini. Kila aliyetembezwa Mji Mkongwe amesikia maelezo yale yale: mnyororo uliochongwa pembeni ni ishara ya utumwa, au ya ulinzi, samaki ni uzazi, na vile vichwa vya shaba vinavyochomoza ni urithi wa India ambako vilizuia tembo wa vita. Katika insha yangu ya kwanza niliyataja ili niyapime, na mwalimu wangu alitaka nitangulize maswali matatu kwa kila dai: nani alisema hivyo, lini, na kuhusu mlango upi? Ukiyafuata maswali hayo kwa uaminifu, sehemu kubwa ya ulichodhani kuwa ni maarifa inageuka kuwa mazungumzo ya watembezaji watalii, ambayo nayo yana historia yake inayostahili kuandikwa. Kinachobaki mkononi ni mlango wenyewe. Je, kizingiti cha juu kimenyooka, au ni cha nusu duara kwa mtindo ulioenea mwishoni mwa karne ya 19 kutokana na mafundi na wafanyabiashara wa Kihindi? Je, kuna maandishi ya Kiarabu yenye mwaka wa Hijria? Mfaa, ule ubao wa katikati ya mlango, umechongwa na mkono uleule uliochonga miimo, au uliletwa baadaye? Ni mbao ya msaji au ya mfenesi? Hilo la mwisho nililipatia jibu kwa fundi seremala wa Malindi, si maktabani.

Kwa sababu hiyo nawashauri waombaji waanze kutazama na kuandika kabla ya kujaza fomu yoyote. Kaa mbele ya kitu kimoja, andika kurasa mbili za unachokiona tu, bila neno la maana wala ishara, kisha upige picha za kutosha. Majengo yetu hayatusubiri: Beit al-Ajaib ya Unguja, iliyojengwa na Sultan Barghash mwaka 1883, iliporomoka sehemu yake ya mbele Desemba 2020, na picha za watu binafsi zikapata thamani ambayo wapigaji hawakuitarajia. Kurasa hizo mbili zitakuwa msingi wa barua yako ya maombi, na vyuo vya Marekani, ambako shahada hii mara nyingi huchukua miaka miwili, kwa kawaida huomba pia sampuli ya maandishi.

Kuhusu lugha, tunajidharau bila sababu. Vyuo vingi vya Marekani hutaka msomaji wa historia ya sanaa aweze kusoma Kijerumani au Kifaransa, na mwombaji wa pwani huona ameshindwa kabla ya kuanza. Lakini maktaba ya SOAS, chuo cha London kinachoshughulikia Asia na Afrika, na ile ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam zina miswada mingi ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na anayeweza kuisoma kwa sababu alisoma chuo cha Kurani utotoni ana ufunguo ambao wenzake wataulipia. Litaje jambo hilo waziwazi katika maombi.

Chuo kinakuja baada ya hapo. Bayreuth ina Iwalewahaus, nyumba ya sanaa za Afrika iliyoanzishwa mwaka 1981, na ni mji ambao Kiswahili kinasomwa kwa dhati. Vyuo vingi vya umma vya Ujerumani havitozi ada ya masomo, ingawa gharama za kuishi zinabaki juu yako. Norwich ina kitengo cha Sainsbury kinachoshughulikia sanaa za Afrika, Oceania na Amerika, chenye maktaba yake. Mwandikie msimamizi unayemtaka mapema, kwa barua fupi yenye swali lako mahususi. Asiyejibu barua ya mwombaji huenda asijibu ya mwanafunzi.

Ufadhili wa Chevening, unaotolewa na serikali ya Uingereza, unadai uzoefu wa kazi wa saa 2,800, yaani takribani miaka miwili, na unakutaka urudi nchini kwako kwa miaka miwili baada ya kuhitimu. Hesabu nyuma kuanzia hapo. Kama huna kazi inayohusiana na sanaa, jitolee katika makumbusho ya mkoa wako au sehemu kama Nafasi Art Space ya Dar es Salaam, hata kama ni kuorodhesha vitu stoo, kwani mtu aliyewahi kujaza daftari la mkusanyiko huandika tasnifu tofauti kabisa, na ndiye ambaye makumbusho humkumbuka nafasi ya mkataba inapotokea. Ajira za kudumu ni chache, na mshahara wa kuanzia hauwezi kulipa mkopo wa ada za Ulaya. Bila ufadhili, singemshauri mtu auze kiwanja kwa ajili ya shahada hii.