Kabla ya kubadili diski ya laptopu, okoa kwanza kilichomo

Dada yangu ni mwalimu wa sekondari, na laptopu yake ni ThinkPad T430, toleo la mwaka 2012. Desemba alinipigia simu: "Mdogo wangu, hii mashine imenishinda. Naiwasha, nabandika chai, inachemka, nakunywa, yenyewe bado inazunguka tu." Fundi mmoja alikuwa amemshauri aongeze RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta), mwingine akamwambia atafute laptopu nyingine. Nikamsihi asitoe hata shilingi mpaka niione.

Nilipofika nikabonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, likafunguka dirisha la Windows linaloonyesha kila kifaa kinavyofanya kazi. Prosesa imetulia, RAM ina nafasi, lakini diski inasoma asilimia 100 wakati hakuna programu yoyote aliyoifungua. Ukikuta hali hiyo, RAM ya kuongeza haitakufaa kitu. Ndani ya diski ya namna ile kuna sahani inayozunguka mara 5,400 kwa dakika, na mkono mwembamba unaokimbia huku na kule kutafuta data. Kila faili, hata liwe dogo vipi, linausubiri mkono huo ufike. SSD, diski ya kisasa inayohifadhi data kwenye chipu, haina kinachozunguka wala kinachokimbia, ndiyo maana laptopu ya zamani ikiwekewa SSD inachangamka, ilhali prosesa ni ileile.

Ila kilichonifanya niandike ni mlio. Nilipoinamisha sikio karibu na kibodi nilisikia tik, tik, kimya, halafu tik tena. Diski inayogonga hivyo inakaribia kufa, na hapo ndipo nilipokosea. Nilikuwa na haraka ya kurudi Dar, nikachomeka SSD mpya kwa kebo ya USB na kuanza kunakili diski nzima kwa Clonezilla, programu ya kunakili diski, usiku uleule. Ilivuka nusu, ikakwama kwenye sekta mbovu, yaani kipande cha diski kisichosomeka tena.

Fikiria nilichokuwa nafanya. Nilikuwa naichosha diski mgonjwa kwa saa nzima ili inipe Windows, ambayo naweza kuipata popote, na programu ambazo dada hazitumii. Vilivyokuwa na thamani vilikuwa kwenye folda nne tu: maazimio ya kazi, maandalio ya masomo, alama za wanafunzi, na picha za marehemu mama. Picha hizo hazikuwa na nakala mahali pengine popote. Sikulala vizuri usiku ule.

Asubuhi, diski ikiwa imepoa, nilianza na picha, nikazihamishia kwenye flashi folda moja baada ya nyingine. Zilipona zote. Video mbili za mahafali hazikufunguka tena. Kwa hiyo nakuomba: kabla hujagusa skrubu, kabla hujaenda hata dukani, toa nakala ya vitu vyako, ukianza na kile ambacho ukikipoteza utalia.

Kazi ya kufungua ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Zima kabisa, chomoa chaja, toa betri. Kwenye T430 kifuniko cha diski kinashikwa na skrubu moja tu. Ukikiondoa unavuta ulimi wa plastiki na diski inateleza nje ikiwa na mipira miwili myeusi ubavuni. Mipira hiyo ivalishe SSD, maana bila hiyo itachezacheza. Tumia bisibisi inayoingia sawasawa kwenye kichwa cha skrubu, kwa sababu kikishalika utahangaika. Sukuma SSD taratibu mpaka ikae. Ikikataa, itoe uiangalie, usiilazimishe.

Dukani taja SSD ya SATA (ndiyo aina ya kiunganishi) ya inchi 2.5. Zile nyembamba mfano wa kijiti cha bablishi ni za M.2, na nafasi ya diski ya laptopu hii haizipokei. Ukinunua ya GB 240 na Windows ikaonyesha 223, hujaibiwa: mtengenezaji anahesabu kwa maelfu, Windows inahesabu kwa 1,024.

Baada ya yaliyonikuta sikunakili tena, niliweka mfumo upya. Prosesa ya T430 haimo kwenye orodha ya Windows 11, na Microsoft ilisitisha msaada wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, basi nikamwekea Linux Mint, mfumo wa bure unaochukua nafasi ya Windows, na LibreOffice ya kuandikia nyaraka. Siku mbili za kwanza alinung'unika kuhusu menyu. Sasa anaandaa masomo yake humo, na chai anainywa akiwa kazini.

Diski ya zamani usimwachie fundi, hata kama inagonga. Mwenye ujuzi anaweza kuisoma. Ya dada tuliifunga kwenye bahasha ya kaki, nikaandika MBOVU kwa kalamu ya wino mzito, akaiweka kabatini chini ya vyeti vyake.