Shule Ndogo Iliyokulea: Barua kwa Binti Yangu

Binti yangu mpendwa,

Barua yako imenifikia, nasi huku Lushoto hatujambo. Umeniuliza kama kusoma katika shule yetu ndogo ya mkondo mmoja, yaani yenye kundi moja tu la wanafunzi kwa kila darasa, kulikujenga au kulikuchelewesha, kwa kuwa sasa mnatafuta shule ya kumwandikisha mjukuu wangu darasa la kwanza huko Dar es Salaam. Nitakujibu kama mzazi wako na kama mtu aliyekaa katika kamati ya shule ile kwa muda mrefu, ila usitegemee sifa tupu.

Kwanza, shule ile haikufanywa ndogo kwa kupenda. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliweka lengo kwamba ifikapo 1977 kila mtoto aliyefikia umri wa shule awe darasani, na vijiji vingi vikajenga vyumba kwa nguvu za wananchi. Huku milimani, ambako kwenda kitongoji cha jirani ni kuteremka bonde zima na kupanda upande wa pili, shule ilibidi iwafuate watoto walipo, na pale kwetu watoto hawakuwa wengi.

Uchache huo, kwa maoni yangu, ndio uliokulea kuliko kitabu chochote. Bila shaka unakumbuka jinsi darasa la tatu na la nne mlivyokaa chumba kimoja mkipeana migongo, ubao mmoja ukiwa mbele na mwingine nyuma, na mwalimu yuleyule akitembea katikati. Ulipokuwa la tatu ulilisikia somo la wakubwa mwaka mzima kabla hujalifikia. Ulipoingia la nne, mwalimu alikuita uketi na wadogo uwasikilize wakisoma, wakati yeye akisahihisha hesabu zenu. Leo ukinisimulia jinsi unavyowaelekeza wauguzi wapya wodini, ukisimama kando na kumwacha mtu akosee kidogo kabla ya kumrekebisha, mimi sioni jambo geni. Ulianza kazi hiyo ukiwa hujafikisha miaka kumi na miwili.

Tena hapakuwa na mahali pa kujificha. Palipo na mamia ya wanafunzi, viranja wachache huongoza na waliobaki hufuata. Kwenu kila mtoto alikuwa na zamu yake, awe wa kugonga ile rimu ya gari iliyokuwa kengele, wa kumwagilia bustani au wa kupeleka daftari la mahudhurio ofisini. Mtoto asipoonekana mstarini asubuhi, kabla ya mapumziko alikuwa ameshatumwa mwenzake kuuliza nyumbani kulikoni. Mtu aliyekua akijua kwamba asipokuwepo pengo lake litaonekana hutoroka kazi kwa shida sana.

Utafiti mmoja mkubwa unakaribia jambo hili. Huko Tennessee, Marekani, kati ya 1985 na 1989, zaidi ya watoto 11,000 wa chekechea hadi darasa la tatu walipangwa kwa bahati nasibu, baadhi katika madarasa ya watoto 13 hadi 17 na wengine ya 22 hadi 25. Wa madarasa madogo walisoma na kuhesabu vizuri zaidi, na miaka mingi baadaye wengi zaidi kati yao walijitokeza kufanya mitihani ya kuingia chuo, hasa watoto weusi. Huo ni ukubwa wa darasa, si wa shule, na usivichanganye. Nami hucheka kidogo nikikumbuka kwamba darasa lao kubwa ni dogo mno mbele ya kiwango chetu cha mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45.

Sasa upande wa pili. Katika shule ndogo mtoto akishaitwa mzembe, jina hilo humfuata hadi amalize shule ya msingi, kwa sababu hakuna mkondo mwingine wa kuhamia wala mwalimu mwingine wa kumwona upya. Kaka yako lilimpata hilo, na hadi leo hapendi kuzungumza mbele ya watu. Wewe nawe ulifika kidato cha kwanza ukiwa umesomeshwa kila kitu kwa Kiswahili, ukakuta masomo yote kwa Kiingereza na wenzako wa mjini wakijibu wakati wewe ungali unatafuta maneno. Ule mwaka ulikuumiza, na shule yetu haikuwa na vitabu wala mtu wa kukuandaa.

Kwa hiyo kwa mjukuu wangu nakushauri hivi. Usihesabu majengo wala mabasi ya shule. Nenda siku ya kazi, umwombe mwalimu wa darasa la kwanza akueleze habari za watoto watatu atakaowachagua mwenyewe, halafu watatu utakaowaonyesha wewe kwa kidole. Akiwajua hawa wa pili kama wale wa kwanza, mwandikishe hapo, hata kama choo kinahitaji rangi. Iwapo shule hiyo inafundisha kwa Kiswahili, anza kumsomea hadithi za Kiingereza nyumbani mapema, usingoje akaribie kumaliza shule ya msingi. Na ukiona amepachikwa jina baya darasani, mhamishe mwaka huohuo, bila kujali ada mliyokwisha kulipa.

Baba yako