Maswali Yenu: Huyu ni Sato Kweli?

SWALI: Nilipandikiza vifaranga vya sato. Sasa nikivuta wavu napata samaki wa namna tatu: wa kijivu, wenye kifua chekundu, na weusi wenye vidoadoa vyeupe. Sato hubadilika rangi akikua, au niliuziwa mchanganyiko? – Msomaji, Sengerema

JIBU: Uliuziwa mchanganyiko. Ukitaka kuwatenga, anza na mkia. Sato (Oreochromis niloticus) ana mistari myembamba ya wima iliyojaa pezi lote la mkia, kuanzia shinani hadi ukingoni, na haipotei hata samaki akiogopa. Msimu wa kuzaliana dume huiva wekundu kichwani, tumboni na kwenye mapezi. Jike hubaki wa kijivu.

Mwenye kifua chekundu ni Coptodon zillii. Tazama sehemu ya nyuma ya pezi lake la mgongo: kuna doa jeusi lenye ukingo wa manjano. Hapa wengi huteleza, maana vifaranga vya sato navyo huwa na doa hilo, ila hufutika wakikua. Kwa hiyo doa kwenye samaki wa sentimita 5 halikuambii kitu. Kwenye wa sentimita 20 linakuambia mengi. Ukibaki na shaka, funua shavu la samaki aliyekufa uhesabu vijiti vilivyopangwa kama meno ya chanuo kwenye nusu ya chini ya upinde wa kwanza wa matamvua. Zillii ana takriban 8 hadi 12. Sato hukaribia 20 au huzidi. Dalili nyingine: jike la sato huatamia mayai mdomoni, zillii huyataga chini na wazazi wote wawili huyalinda. Zillii mtoe bwawani, la sivyo atazaana mpaka samaki wote wadumae.

Mweusi mwenye vidoadoa ni dume la Oreochromis leucostictus. Jike lake ndilo linalosumbua, kwa kuwa ni la kijivu kama la sato. Mkia wake usio na mistari ndio unaolitambulisha. Leucostictus huzaliana na sato, na chotara wao huweza kuonekana sato mwenye mistari iliyofifia au kukatika. Usimweke kuwa mzazi. Kwa chotara wa vizazi vya mbele macho hayatoshi, ni kipimo cha vinasaba tu.

Tahadhari moja: ngege, wa asili ya Ziwa Victoria, naye hana mistari mkiani. Amekuwa adimu, basi usimtupe kwa kumdhania leucostictus.

SWALI: Mbona samaki wangu kwenye picha hafanani na nilivyomwona majini?

JIBU: Rangi ya dume ni ya samaki mwenye himaya yake, yaani eneo analolilinda. Akinyang'anywa himaya au akibanwa wavuni, huipoteza kwa dakika chache na kutoa mabaka ya hofu ubavuni. Barafu humaliza kilichobaki. Mpige picha angali hai, ubavu ukielekea kamera, kwenye beseni jeupe lenye maji kidogo, mapezi yakiwa wazi na rula pembeni. Picha ya samaki wa mezani sokoni haitusaidii sana.

SWALI: Samaki wa Ziwa Tanganyika mwenye nundu na mistari mieusi: mwenye nundu ndiye dume? – Kigoma

JIBU: Si lazima. Kwa Cyphotilapia, ndilo jina la kitaalamu la samaki huyo, majike nayo huota nundu, ingawa ya dume kwa kawaida huwa kubwa zaidi. Mistari yake huonekana tangu utotoni, kwa hiyo rangi ya ukubwani haileti jipya kubwa. Spishi ziko mbili: frontosa, na gibberosa wa kusini mwa ziwa aliyepewa jina mwaka 2003. Zitenganishe kwa kuhesabu safu za magamba kati ya mstari wa ubavu wa juu na wa chini (si ile mieusi, bali safu za vitundu vidogo kwenye magamba). Frontosa ana mbili, gibberosa tatu. Idadi ya mistari mieusi hubadilika kutoka pwani moja hadi nyingine. Wa Kigoma huhesabiwa saba.